Malalamiko Juu ya Wanawake wa Fukayosi Wanaojisomea Barua

Bagamoyo, Mfungo Sita, 1303

Kwa mheshimiwa Bibi Fatmabai, mjane wa marehemu Jaferi muuza nguo,

Nakuamkia kwa adabu zote, nikitumai u mzima wewe na wote wa nyumbani mwako. Huku kwetu hapana baya, ila mimi nina maradhi, na maradhi yenyewe umeyaleta wewe.

Mimi ni Mwinyimvua bin Haji, mwandishi na msomaji wa barua, ninayekaa barazani karibu na soko la pembe za ndovu. Mwaka wa ishirini na tatu huu, wanawake ambao waume zao wamekwenda bara na misafara huniletea barua zao, nami huwasomea. Hakuna aliyepata kulalamika. Ndipo wewe, kwa huruma zako, ukampeleka mpwa wako Bilkis huko Fukayosi na magunia ya mchele, ukindu, rangi na vibao vya kuandikia, awafundishe wanawake maskini kusuka mikeka ya kuuza, na kusoma. Mikeka sina neno nayo. Nimenunua mmoja, ni mzuri. Neno langu ni juu ya hicho kisomo.

Kwanza. Mwanamke asiyejua kusoma husikiliza. Nikishusha sauti hulia, nikiipandisha hucheka, kisha huenda zake ameridhika. Wanafunzi wako hawasikilizi. Wanachungulia begani mwangu. Juzi mmoja kanikatiza katikati ya salamu, kaniambia, "Hapo hilo halipo, baba." Tena kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma.

La pili, nalo ndilo kubwa, ni Mwanvita, mkewe Seleman mpagazi. Mwaka jana wakati wa palizi, watu wa msafara walimletea barua ya mumewe, iliyokwisha kupita mikono mingi njiani. Alitembea siku mbili kuja kwangu. Nilimsomea nilichoona kinafaa: kwamba Seleman ameoa Unyanyembe, amejenga huko, yeye amempa talaka, asimngoje. Hakulia. Aliikunja barua, akaifunga kwenye pembe ya kaniki yake, akarudi kwao. Mjomba wake, mtu wa busara, akamtafutia mume mwingine, mzee wa Makurunge mwenye shamba kubwa la mtama, na mahari yakakubaliwa. Kila jambo lilikuwa linakwenda sawa.

Lakini Mwanvita alikuwa ameingia darasani kwa Bilkis, mwanzo kwa ajili ya ule mchele. Miezi ikapita. Siku moja Bilkis akawaambia kila mmoja alete maandishi yoyote ya nyumbani kwake ajizoeze. Mwanvita maandishi hakuwa nayo ila barua ile. Akaisoma kwa kidole, herufi moja moja, mbele ya wenzake, na barua ikasema hivi: "Niko Ubena. Mguu umevunjika, wenzangu wameniacha. Njoo na watu wanibebe. Nakungoja wewe tu."

Bibi, muungwana angemwuliza kwanza msomaji wake. Yeye aliinuka papo hapo, akawachukua kaka zake wawili na kitanda cha kamba, wakaenda Ubena kwa miguu. Seleman walimkuta kibandani kwa kizee mmoja aliyekuwa akimlisha uji, amebaki mifupa, mguu umeunga upande. Alikuwa amelala hapo miezi saba. Nasikia alimwuliza mkewe, "Mbona umechelewa?" naye akamjibu, "Nilikuwa najifunza kusoma."

Maneno hayo sasa yanasemwa mji mzima. Watu wanayasema wakipita barazani kwangu, tena hawashushi sauti.

Baadaye alikuja mwenyewe, siku ya soko, na mumewe nyuma yake akichechemea kwa mkongojo. Akasimama mbele yangu, akaisoma barua ile kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kumshika, ningempeleka kwa liwali. Alisoma tu, akaikunja, wakaondoka. Seleman hata usoni hakunitazama. Alitazama miguu yangu.

La tatu. Tangu siku ile wanawake wanafukua barua za zamani makapuni na darini. Dija, mke wa mnyapara mmoja, amegundua kuwa mumewe, ambaye mimi nilimsomea akimwita nuru ya macho yake, kwa kweli alimwuliza habari za mbuzi tu. Je, huyo umemfaa nini? Kwangu mimi alipendwa miaka minne.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: darasa lifungwe, ibaki mikeka. Likiwa haliwezi kufungwa, basi wafundishwe nusu ya herufi, na ile nusu nyingine ikae kwangu. Hilo nalo likishindikana, kila mwanamke aape kutosoma barua iliyokwisha kusomwa na mwanamume. Na kama hata hilo ni zito, Seleman arudishwe Ubena alikokutwa, mambo yaanze upya kwa utaratibu.

Nisalimie Bilkis, ingawa simpendi. Wasalimie watumishi wako, majirani, na yeyote atakayeuliza habari zangu. Ndimi mtu wako mwenye kuonewa,

Mwinyimvua bin Haji

Nyongeza: Mwandiko huu si wangu. Macho yangu yameingia utando, mwaka wa saba huu. Herufi naziona kama sisimizi waliomwagiwa maji. Sikupata kumwambia mtu. Barua ya Seleman niliishika tu, nikasema yale ambayo wapagazi wengi huandika. Waandishi wenzangu wangenitangaza, kwa hiyo nimemwita Mwanvita, nikamtajia yote haya, naye akaandika. Kisha nikamwambia anisomee. Amesoma yote, hata pale nilipomtaja yeye na mumewe. Hakuongeza neno, wala hakupunguza.