Nyanjige na Uasi wa Dakika ya Tisini

Sogeeni, enyi watu wa Somanda na Dutwa, wenye ng'ombe na msio nao. Zilazeni baiskeli zenu, zimeni redio, mpate kusikia vita aliyopigana Nyanjige binti Maige, mshika kalamu asiyetishwa na desimali, siku sukari ya mtu mmoja ilipomwasi.

Alikuwa ameunda mlinganyo wa vigezo vitatu, wa kueleza jinsi sukari inavyopanda na kushuka damuni na jinsi mwili unavyoitii insulini. Watu kumi na mmoja walikwisha kunywa maji ya glukosi hospitalini Bariadi, wakakaa saa mbili bila kula, wakitolewa damu kila nusu saa, na damu zao zote ziliusujudia mlinganyo. Alibaki wa kumi na mbili, Masele wa Dutwa, bwana wa mafahali tisa. Akiharibika huyo, miaka mitatu ya kazi ya Nyanjige ingekwenda na maji.

Sukari ya Masele ilipanda, ikashuka kwa adabu, kisha dakika ya tisini, bila hodi, ikapanda tena. Nyanjige alimwomba mzee aendelee kusubiri kwenye benchi, akajifunga kibwebwe mbele ya kompyuta. Akaongeza kigezo cha nne, akalitia ini hatiani. Akaongeza cha tano, akaushtaki utumbo. Hadi adhuhuri vigezo vilifika tisa, mlinganyo ukawa mrefu kuliko foleni ya dirisha la dawa, na mchoro wa sukari ya mzee bado ulikataa kuufuata. Alitaka kulia, na kidogo alilia.

Ndipo Nesi Apolonia, jemadari wa sindano na mchache wa maneno, akataka kujua kama mzee mwenyewe ameulizwa.

Nyanjige akavuka chumba, hatua saba nzito, akapiga goti inavyompasa binti mbele ya mkubwa. "Baba, kuna kitu ulikula?"

Masele akainuka, akaisimika fimbo yake. "Mayu, mama, nimekabili fisi wala sikurudi nyuma. Lakini kabla ya damu ile ya dakika ya tisini, wewe ukiwa umeinamia mashine yako, mama mkwe wangu alipita akitoka wodini. Aliweka matobolwa matatu kwenye benchi, akageuza uso, kama ilivyo heshima. Viazi vya mkwe havikataliwi. Ukivikataa umemkataa na binti yake. Nikala. Sikusema, kwa sababu hukuniuliza."

Nyanjige akafuta vigezo sita palepale, na aibu ilimshika hadi masikioni.

Jumamosi iliyofuata Masele alirudi na njaa yake, na Apolonia akasimama mlangoni kuwazuia wakwe wa mkoa mzima. Sukari ikapanda. Ikashuka. Dakika ya tisini ikazidi kushuka, na dakika ya mia na ishirini ikatulia juu ya mstari wa vigezo vitatu, na Nyanjige akapiga vigelegele peke yake.

Basi na iandikwe, wajukuu wakaririshwe, kwamba huko Bariadi, baada ya mapambano makali, mtu wa hesabu alimwuliza mtu wa ng'ombe swali moja, naye akajibiwa.