Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Magoti ya Shangazi yamegoma. Hawezi tena kusimama kutwa akisuka saluni kwake, kwa hiyo kiti chake cha dirishani, chenye kioo kikubwa, atapewa mmoja wetu: mimi au Bi Kimya, msusi mwenzangu, asiyesema hata akikanyagwa. Sharti limetangazwa saluni nzima ikisikia. Atakayerudiwa na wateja watatu kwa hiari yao, wakimtaka kwa jina, kabla ya Jumamosi jioni, kiti ni chake. Miaka miwili naosha vichwa vya watu! Nakitaka kile kiti mpaka chakula hakipiti.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimeota. Msuko wa Bi Kimya hukaa mwezi mzima. Sasa mteja wake atarudi lini? Msuko ukilegea mapema, mteja naye anarudi mapema! Nimesuka watatu, polepole, bila kubana. Wote wamesifu kwamba hawakuumia. Mwalimu wa shule ya jirani alisinzia tangu namwosha, akasema hajawahi kuoshwa kichwa namna ile. Ahsante, lakini nani alipewa kiti kwa kuosha?

Alhamisi, 6 Machi
Wamerudi! Wote watatu! Wamenitaka kwa jina, na kwa majina mengine nisiyoyaandika hapa. Wa kwanza kajitanda mtandio. Wa pili kaleta msuko wake kwenye mfuko. Wa mwalimu ulidondoka akiwa ubaoni, darasa zima likasaidia kuokota. Nikamwomba Shangazi ahesabu. Akauliza kama hao ndio waliorudi kwa hiari. Nikajibu kwamba hakuna aliyewaburuta.

Bi Kimya akawasuka upya mmoja mmoja, kimya. Heri angenitukana. Mwalimu machozi yalimlengalenga: kesho ana usaili wa ualimu mkuu. Nikamwomba radhi, nikaenda kulia stoo kwenye mataulo. Niliona aibu ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Kosa nimelijua. Nililegeza! Dawa yake ni kubana. Mama amejitolea kichwa, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimebana hasa. Nyusi zimepanda, macho hayafumbi vizuri. Amesema hana neno, ila kasema bila kusogeza midomo. Baba kaingia, kamuuliza nini kimemshtua.

Jumamosi, 8 Machi
Kiti kimekwenda kwa Bi Kimya. Wateja wake wa mwezi jana wamerudi saba, wanacheka.

Mchana akaja mwalimu. Usaili ulikwenda vizuri. Akataka kuoshwa kichwa, na akasema ni mimi tu, si mwingine. Saa tisa wakafuatana wale wawili, nao vilevile. Yule wa mfuko alikoroma. Shangazi akanivuta pembeni, akasema hao sasa ndio waliorudi. Kuanzia wiki ijayo sinki ni langu, kuosha na kukanda kichwa, kwa bei yake, na jina langu litaandikwa ukutani. Akasema mikono hii ni riziki, niache kuikimbia. Hata Bi Kimya akafungua kinywa! Akaomba awe mteja wangu wa kwanza.

Si bure. Wamekula njama. Wananizamisha sinkini ili nisikione tena kiti.

Jumapili, 9 Machi
Jirani kapita kuazima pasi. Kamtazama Mama, kashika kiuno, kamuuliza makunyanzi kayapeleka wapi. Eti amerudi nyuma miaka kumi! Mama alijaribu kucheka, uso ukakataa.

Nimeshaandika bango, herufi kubwa: MSUKO WA KUONDOA MAKUNYANZI. Kesho saa mbili asubuhi nalibandika dirishani, juu ya kichwa cha Bi Kimya. Sinki Shangazi alitafutie mwingine.

Mama anaomba nimfumue, angalau upande mmoja aulalie. Nimemwambia avumilie. Kesho tunaondoka wote, yeye ndiye tangazo.