Boya la Chevrolet

Randall Tackett aliisikia harufu ya petroli kabla hajaiona pikapu yenyewe, na papo hapo moyo wake ukajaa upendo kwa binadamu wenzake. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la mbegu: Ford ya mwaka sitini na sita, ya buluu, haina kutu hata ya dawa. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mnunuzi wa magari kama hayo, mtu mwenye adabu sana, ambaye hakuwa na desturi ya kuwasumbua watu kwa kuwauliza karatasi.

Mwenye gari alikuwa Burl Stallard, shemasi wa Wabaptisti, aliyesifika bonde zima kwa ucha Mungu na kwa kuchemsha kahawa ileile siku tatu.

"Mzee," Randall akamwambia kwa sauti ya msibani, "unavuta sigara humo ndani?"

"Tangu nitoke jeshini."

"Na tangi la mafuta liko wapi?"

"Nyuma ya kiti. Ford za wakati ule zote ndivyo zilivyo. Likijaa nalisikia linacheza mgongoni."

Randall akavua kofia. "Mungu anakupenda, mzee. Sijui kwa nini, ila anakupenda."

Kisha akamweleza habari za selo. Ni tangi la magari ya mashindano, gumu, limejazwa sponji ndani ili mafuta yasirukeruke, na gari hata likibiringika halimwagi. Anayo moja, ameitoa kwenye Chevrolet ya mbio. Angeifunga nyuma kwenye bodi ya mizigo, mbali na sigara ya mzee, na lile bomu la mgongoni angeling'oa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Bure.

Shemasi alikuwa amesikia mahubiri mengi maishani, lakini hakuna neno lililowahi kumgusa kama hilo la mwisho.

"Bure kabisa?"

"Wewe waambie tu waumini nani kakufungia."

"Njoo Jumamosi asubuhi," Burl akasema haraka, kabla kijana hajapata akili.

Jumamosi Randall akafika na Chevrolet yake nyekundu, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hapa lazima tusimame kwa heshima kidogo. Ukoo wa Tackett ni watu wa Chevrolet. Wanazaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na dhehebu, na Randall hakuwahi kupanda Ford ila kwa nia ya kuiiba. Wake wawili walikuwa wamemwacha, naye akala chakula cha jioni kama kawaida. Lakini siku Chevrolet ile ilipokwaruzwa mlango, alilia waziwazi.

Kazi aliifanya vizuri, kwa sababu mnunuzi hataki gari lililofungwafungwa ovyo. Alitoboa bodi, akakaza selo kwa mikanda ya chuma, akavuta mpira wa mafuta na waya wa geji. Burl alisimama pembeni akikodolea macho kila kitu.

"Hilo boya linaloelea ndani kupima mafuta," mzee akauliza, "nalo ni la Chevrolet?"

"Boya ni boya, mzee. Linaelea tu."

"Aha," Burl akasema.

Wakahamisha mafuta ya tangi la zamani, yakafika nusu ya selo. Randall akafungua swichi, na mshale wa geji ukasimama katikati kabisa. Akaupigia saluti. Mkewe Burl, Bi Oleta, akaita kutoka jikoni kwamba pai ya pichi iko tayari, na Randall, ambaye hakuwahi kumwibia mtu akiwa na njaa, akaingia ndani. Burl alibaki nje. Alisema ana neno na gari lake.

Aliporudi, amekula vipande vitatu na kuusifia upishi kwa machozi, Randall akawasha gari. Mshale ulikuwa umelala juu ya F.

"Mzee! Umenijazia mafuta?"

"Uishiwe njiani kwa ajili yangu?" Burl akajibu.

Nusura Randall amwonee huruma. Umeibiwa, na bado unamjazia mwizi tangi! Akakaza uso. "Basi naipeleka mlimani kidogo kuijaribu. Lazima niwe peke yangu, selo mpya haitaki uzito."

"Mwisho wako darajani. Na Chevrolet yako ibaki hapa na ufunguo wake. Ukivuka daraja, imekuwa yangu. Oleta ni shahidi."

"Ndiyo mzee, tena kwa moyo mkunjufu!" Randall akacheka, akamkabidhi ufunguo na kumshika mkono. Ufunguo wa pili ulikuwa ndani ya soksi yake. Adhuhuri wazee hawa wangekwenda kanisani kukaanga samaki, na yeye angeletwa na mnunuzi, achukue Chevrolet yake, aondoke na baraka zote.

Akavuka daraja akiimba. Akapita kituo cha mafuta, akakipungia mkono. Mlima ukaanza, Ford ikapanda vizuri, na mshale bado umelala juu ya F, tena umepita kidogo. "Gari linanywa hewa hili," akasema. Kwa mara ya kwanza alianza kuwaheshimu watu wa Ford.

Kwenye kona ya tatu gari likakohoa mara mbili, likazima.

Akafungua boneti, akapiga betri, akatukana Ford kwa herufi zake zote nne. Kitu pekee ambacho hakukigusa ni tangi, maana mshale ulisema limejaa. Alikuwa bado amelala chini ya gari aliposikia mngurumo anaoufahamu kuliko sauti ya mama yake. Chevrolet nyekundu ikasimama. Bi Oleta ndiye aliyekuwa usukanini, na Burl akashuka na dumu la petroli.

"Naona umevuka daraja, kijana."

"Mzee, breki..."

"Sikiliza. Ford na Chevrolet hazisemi lugha moja. Boya lako likipanda, geji yangu inashuka. Likishuka, geji inapanda. Penye nusu tu ndipo zinapatana. Wewe ulipokuwa unakula pai, mimi niliyanyonya mafuta yangu, nikakubakizia ya kufika hapa, na mshale ukapanda mpaka F."

"Na mimi nikamwekea sukari zaidi kwenye pai," Bi Oleta akasema dirishani, "asiwahi kuinuka."

"Nilijua kuna boya la Chevrolet ndani ya tangi," Burl akamalizia. "La pili likajipakia lenyewe usukanini."

Randall akalitazama gari la baba yake. "Mzee, nichukulie chochote. Ile usiichukue. Nakuomba."

"Kaka yangu sherifu yuko kanisani anakula samaki," Bi Oleta akasema kwa upole. "Tumwite?"

Hati ya Chevrolet ilikuwa kwenye droo ya dashibodi yake. Randall akaisaini juu ya boneti, akavua kiatu na kuutoa ule ufunguo wa pili bila kuambiwa, akaubusu. Kisha akaufungua mlango wa Ford aingie.

"Humo ni kwa watu wa Ford," Burl akamzuia, akiwasha sigara bila hofu yoyote. "Sherifu akupeleke selo, au ukae nyuma na selo yako?"

Akapanda nyuma. Aliteremka mlima ameikumbatia, huku Chevrolet ikiwafuata na Bi Oleta akibadilisha gia kwa kelele za kutisha. Ndani ya selo mafuta hayakurukaruka hata tone. Kazi ilikuwa safi.