Uvimbe Wangu na Kisigino cha Thadeo

Jumamosi, 5 Agosti 1995. Butiama.
Nina miaka themanini na moja. Nimeizika ndui, nimezika nzige, nimezika foleni ya sukari na duka la ushirika lenyewe. Yule kijana aliyenifundisha kuandika kwenye elimu ya watu wazima, naye nimemzika. Mimi Mseti nipo!
Katika rika letu tumebaki wawili, mimi na Thadeo. Ng'ombe akichinjwa, kidari ni cha mkubwa wa rika. Thadeo anasemaga mkubwa ni yeye, eti alizaliwa kabla ya mvua na mimi baada. Nani alimwona? Miaka yote anakula kidari changu. Dawa ni moja, atangulie kufa. Anakataa.
Begani nina uvimbe, umefika yai la kanga. Getruda mke wangu anataka nikakatwe Musoma. Sikatwi.

Jumapili, 6 Agosti.
Mjukuu wangu Esta amekuja likizo. Anasomea udaktari Dar es Salaam. Ameushika uvimbe, akaubonyeza mara tatu. Sikupenda ile ya tatu. Akasema Babu, huenda ni saratani, huenda siyo, ukatwe upimwe.
Nikamuuliza saratani ni kitu gani. Akachukua kamba ya ndama. Akasema ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi, na kila seli inapojigawa ncha za nyuzi zinafupika, kama kamba inavyofumuka mwisho. Zikifupika sana, seli inaacha kujigawa. Uzee unaanzia humo pia. Ila kuna kitu kinaitwa telomerasi, ni kama fundi wa kusokota ncha upya. Kwa mtu mzima, seli nyingi fundi huyo amelala. Yuko macho kwenye chache, kama zile za kutengeneza damu, na zile za mbegu za mwanaume. Hapo Esta alitazama chini. Mimi sikushangaa, najijua. Akasema saratani nyingi zimemwamsha huyo fundi, ndiyo maana zinajigawa bila kuchoka. Hazizeeki.
Hazizeeki! Aliendelea kusema mengine. Sikuwa na haja nayo.

Jumatatu, 7 Agosti.
Mpango. Telomerasi iko begani. Kazi ni kuishusha magotini, ndiko nilikozeekea. Getruda amenisugua samli ya moto kutoka bega kwenda chini, huku anautukana ukoo wangu mmoja mmoja. Magoti bado yanalia. Si ajabu, safari ni ndefu.

Jumatano, 9 Agosti. Bunda.
Mnadani. Siku hizi matajiri wanagombania pamba ya watu kama fisi. Nikawatangazia wazee kwamba mimi sifi tena, kwa hiyo kidari kije kwangu moja kwa moja. Renatus mchinjaji akauliza nikigoma kufa watanizika hivyo hivyo mzima? Wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka.
Thadeo hakucheka. Akavua katambuga, akainua kisigino. Doa jeusi, pembeni linatoa maji. Akasema limepanuka tangu masika, na uvimbe wangu una rangi ya uji tu. Wazee wakakubali la kwake linatisha zaidi. Wasaliti!
Jioni nyumbani nimemweleza Esta aamue nani anaongoza. Hakuamua. Akaniuliza mara mbili, jeusi? Linatoa maji? Akavaa viatu, akapanda kilima kwenda kwa Thadeo bila kunywa hata chai.

Ijumaa, 11 Agosti.
Thadeo amekubali kwenda hospitali! Ujanja huo. Anataka cheti kwamba telomerasi yake ni kubwa. Nimesema na mimi naenda. Esta akanikalisha chini. Akasema Babu, telomerasi ya saratani haikugawii wewe. Ni kama ndama asiyeachishwa kunyonya, yeye hachoki, mama anakonda mpaka anaanguka. Nikamwambia ndama ni wangu, atanitii.

Jumatatu, 14 Agosti. Musoma.
Tumekatwa wote wawili. Sikulia. Thadeo amelia. Yeye anasema aliyelia ni mimi, lakini yeye hajui kuandika.
Nilidai uvimbe wangu niupeleke nyumbani kwenye kopo. Daktari akasema vipande vinakwenda kupimwa Mwanza. Nikamwambia jina langu aliandike kubwa.

Jumatatu, 28 Agosti. Musoma.
Majibu. Wa kwangu ni mafuta. Mafuta tu, kama ya mkia wa kondoo! Getruda akapiga vigelegele mbele ya watu. Aibu niliyoipata, basi.
La Thadeo ni saratani ya kweli. Daktari akasema limewahiwa, ila akakatwe zaidi Mwanza, na tezi zipimwe kama imesambaa huko. Esta akaninong'oneza kwamba ubishi wangu huenda umemwokoa mtu.
Thadeo alikitazama kisigino chake. Halafu akaniuliza, kwa lugha ya kwetu, sasa kidari utakula peke yako? Nikamwambia aache ujinga. Kidari kisicho na mtu wa kukikodolea macho hakina ladha.

Alhamisi, 7 Septemba. Mwanza.
Nimemsindikiza mimi mwenyewe. Si kwa huruma! Nasimamia wasije wakamwongezea telomerasi. Wamemkata tena. Leo daktari amesema tezi ni safi. Safi! Alikuwa nayo, na bado anaishi. Amenishinda mara mbili huyu mtu. Nimemnunulia chungwa, nikamwambia ni bovu.
Lakini leo nikioga nimegundua kitu. Nyuma ya goti kuna kijipele. Kidogo, ila kigumu. Kiko gotini penyewe, hakina safari! Esta asiambiwe. Nimeshaagiza samli.
Anayebisha haya amuulize Getruda, mikono yake bado inanuka samli. Amuulize Renatus pale mnadani. Hata Thadeo ni shahidi, kitanda cha dirishani, anakoroma. Akiamka atasema yeye ndiye mkubwa wa rika. Hilo moja asiaminiwe.