Zimwi Langu Si la Kuchekwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Filamu ya mjukuu wangu imeanza leo mchana kwenye ukumbi wa video. Zimwi nimelishona mimi, kwa pazia la sebuleni. Pembe, mkia, meno ya vifuniko vya chupa. Watazamaji wakacheka! Mjukuu anasema ni filamu ya kutisha na kuchekesha. Nikamwambia achague moja. Sikuumiza macho kushona kichekesho. Mwenye ukumbi atasikiliza maoni ya watu hadi Alhamisi. Wakiiponda, anaitoa, na mjukuu, binti wa watu, kaihangaikia mwaka mzima.

Jumanne, 5 Machi
Wifi kaja kunipa pole nisiyoomba. Eti alilitambua pazia mkia ulipochomoza tu. Eti zimwi likujualo halikuli likakwisha, sembuse zimwi ulilowahi kulifutia mikono! Kumbe ndiye aliyeanza kucheka! Tangu niolewe na kaka yake hajasifu hata uzi wangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimekaa mlangoni pa ukumbi na mkongojo wangu. Kila anayetoka namwambia: sema umeogopa. Fundi baiskeli akasema. Kinyozi akaongeza kwamba miguu ilimwisha nguvu. Mwanamume huyo! Mwenye ukumbi akaja juu: yeye katangaza kichekesho, sasa kina mama wanawarudisha watoto nyumbani. Kesho ndiyo mwisho, kasema. Mjukuu kapita bila kuniamkia. Mgongo unauma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeingia ndani mwenyewe. Mpango: zimwi likitokea, nawa wa kwanza kupiga mayowe. Woga huambukiza kama miayo. Nikasinzia kidogo. Kufumbua macho, dude lina mapembe, linanijia! Nikapiga mayowe ya kweli. Nikalitupia kiatu. Ukumbi mzima hoi. Wifi kaanguka chini kutoka kwenye benchi kwa kicheko, hilo nimelipenda. Mlangoni wote wakasema hawajaona filamu tamu kama hii, wakauliza kama bibi atakuwepo kesho. Mwenye ukumbi kaiongezea wiki, mradi nikae mbele. Mjukuu kanikumbatia. Kiatu sijakiona.

Ijumaa, 8 Machi
Wacheke wanavyotaka. Mtu mzima kalia, tena aliyelishona mwenyewe. Basi linatisha, kesi imekwisha. Kosa lilikuwa pazia tu. Zimwi la pili naanza kesho. Pazia la wifi ni jekundu, zito, na mchana hafungi mlango. Hilo hakuna atakayelitambua.