Faru na Siku Ishirini za Kujikuna

Jumapili, 5 Juni 1983

Tangazo limetolewa nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanapeana mikono. Bonifasi, balozi wetu wa nyumba kumi, alipanda juu ya jiwe. Jumamosi ya tarehe 25 anakuja mkaguzi wa mifugo kutoka wilayani. Mbwa wazima watachomwa sindano ya kichaa. Mbwa wenye upele watapigwa risasi hapo hapo uwanjani. Alipotamka "wenye upele" alinitazama mimi. Umati wote ukanitazama mimi. Hata Sara, mwanangu wa miezi mitano, nadhani alinitazama kutoka mgongoni.

Faru ni mbwa mdogo. Ukimsimamisha hafikii ukingo wa ndoo. Mume wangu Apolinari, mpishi katika hoteli ya kule juu Ngorongoro, alipewa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Jina ni utani wake. Mbwa mwenyewe ni mweupe, ana manyoya marefu. Alikuwa nayo, niseme. Sasa mgongo wake uko kama kuku aliyenyonyolewa nusu, tumbo jekundu, na akijikuna mguu unagonga mlango. Wiki hii nimeitikia "karibu" mara mbili bila mgeni.

Eliamani ana miaka minne. Tangu Sara azaliwe sina mikono ya kumbeba. Faru ndiye anayemlalia miguuni, ndiye anayesikiliza hadithi zake. Leo ameniuliza risasi ni nini. Nikamwambia ni aina ya pipi. Sasa anaitaka.

Hakuna atakayempiga mbwa huyu. Nimeandika hapa kwa wino.

Jumatatu, 6 Juni

Mbinu ya kwanza: sabuni.

Nilikuwa na nusu mche. Niliupata mwezi uliopita kwa foleni ya asubuhi nzima, Sara mgongoni, mwanamke wa mbele yangu akinikanyaga kwa makusudi. Nimemwogesha Faru mara tatu leo. Asubuhi, mchana, na kabla ya jua kuzama. Povu hadi masikioni. Mwenyewe alipendeza mno.

Petronila akachungulia juu ya ua. Petronila ni jirani yangu, ana ng'ombe, ndiye ninayechukua maziwa kwake, na hana habari yoyote isiyomhusu. Akauliza kama anaona vizuri. Mji mzima unafulia majivu, Mama Elia, na wewe unamsugulia mbwa sabuni? Au kesho anabatizwa?

Nikamjibu kwamba usafi ni tabia ya kwetu Machame.

Akasema basi na sabuni ningeiagiza kwetu Machame.

Jioni ngozi ya Faru imekauka, imepasuka kama udongo wa bwawa. Anajikuna maradufu. Sabuni imekwisha. Nepi za Sara nimefulia majivu.

Jumatano, 8 Juni

Mbinu ya pili: oili chafu. Madereva wote wanasema ndiyo dawa. Nimepata kopo moja kwa fundi wa magari pale barabarani. Nimempaka Faru toka pua hadi mkia.

Sikufikiria kwamba mbwa akishapakwa atatembea.

Ametembea. Ukuta. Mkeka. Shuka la harusi yangu. Eliamani amemkumbatia, kwa hiyo Eliamani naye. Eliamani akambusu Sara. Saa nne asubuhi nilikuwa na watoto wawili na mbwa mmoja, wote rangi moja, na sabuni hakuna.

Balozi Bonifasi alipita. Alisimama akamzunguka Faru. Akasema kwamba katika daftari lake ameandika mbwa mweupe, je, huyu ni wa pili? Nikamwambia balozi, andika unavyotaka, daftari ni lako na mbwa ni wangu. Akaandika kweli! Nimemwona akilowesha penseli kwa ulimi.

Faru amejilamba, ametapika mara mbili. Nimemfuta kwa vumbi la mbao na matambara hadi mikono ikaishiwa nguvu. Nimemwomba radhi. Nimempa maziwa mengi kuliko kawaida, bakuli la asubuhi na la jioni, maana mgonjwa hula vizuri.

Sijashindwa. Nimechoka tu. Ni vitu viwili tofauti.

Ijumaa, 10 Juni

Leo ni siku ya josho. Kwa nini sikuwaza hili mapema? Ng'ombe wa Karatu nzima wanatumbukizwa kwenye mtaro wa dawa, wanatoka upande wa pili, kupe wote chali. Kama dawa inamfaa dume la Mwiraqw, itashindwa vipi kwa mbwa wa ukubwa wa sufuria?

Lakini mbwa hawaruhusiwi. Basi nimewaacha watoto kwa mama Bertha, mshonaji wetu. Nimemfunga Faru mgongoni kwa kanga, kichwa nimekifunika na kofia ya sufu ya Sara. Baridi ya Juni, ukungu hadi magotini, nani atashangaa mtoto kufunikwa? Nimesalimiwa njia nzima. Wamama watatu wamesema mtoto amenenepa.

Nikafika hadi kwenye uzio wa kutokea. Mpango: ng'ombe wa mwisho akitoka, mimi nachovya, mara moja, tunaondoka.

Petronila alikuwa pale na ng'ombe wake sita. Akanijia na uso wa huruma, nadhani alitaka kumaliza ugomvi wa sabuni. Akasema maskini Sara, amelala na kelele zote hizi? Akampigapiga matakoni kama tunavyofanya kwa watoto wote.

Mtoto akatikisa mkia.

Petronila alipiga kelele ya Kiiraqw ambayo sitaitafsiri. Faru akatoa kichwa, kofia ikiwa imeziba jicho moja, akambwekea dume lililokuwa kwenye njia nyembamba. Dume likageuka. Sikujua kama dume linaweza kugeuka pale. Wa nyuma wakageuka naye. Mtamba wa Petronila akaruka uzio bila kugusa dawa, akaelekea Endabash. Watu ishirini wakamfukuza. Mimi nikateleza, nikaingia mtaroni hadi kiunoni.

Kupe hawatanisogelea mwaka mzima. Faru hakulowa hata kidole.

Jumamosi, 11 Juni

Nikumbuke kuandika lililofuata jana, maana nilikuwa nanuka mno kushika kalamu.

Bwana mifugo wetu anaitwa Martini. Kijana, ametoka chuo juzi. Hakunifokea, nikamchukia kwa hilo. Alinivuta hadi kwenye kisima, akanimwagia ndoo tano, akasema dawa ile ni sumu na ingemwua mbwa kabla ya risasi. Kisha akamweka Faru juu ya pipa, akafunua manyoya yaliyobaki. Akanionyesha viroboto. Akasema huu si upele wa kuambukiza. Kuna mbwa ambao kiroboto mmoja akiwauma, mwili mzima unawaka. Tena kuna wengine ambao mwili unakataa chakula fulani. Anakula nini?

Nikasema ugali kama sisi.

Akasema na nini?

Nikasema, kidogo, maziwa.

Kidogo kiasi gani?

Nikajifanya nakamua kanga. Petronila, aliyekuwa amerudi na mtamba wake akihema, akajibu kwa niaba yangu. Mabakuli mawili kwa siku! Akamwambia Martini kwamba yeye siku zote alidhani maziwa ni ya watoto.

Martini akasema mambo matatu. Nichemshe gunia analolalia Faru, nilianike juani, nisafishe kona yake. Mbwa aache maziwa kabisa. Asipakwe kitu chochote tena. Akaongeza kwamba atakayeamua tarehe 25 ni mkaguzi, na mkaguzi huamua kwa macho tu. Mgongo ukiwa wazi hivi, yeye Martini hataweza kumzuia.

Mbwa aache maziwa! Huyu kijana hajawahi kulea hata kifaranga.

Leo asubuhi nimekwenda na kopo langu kama kawaida. Petronila amesema maziwa yake hayatanywewa na mbwa anayetorosha ng'ombe. Eliamani atapata kikombe chake, na yeye Petronila atakileta kwa mkono wake.

Amekileta. Akasimama mlangoni kama msimamizi wa mtihani hadi mtoto akamaliza tone la mwisho. Akageuza kikombe chini juu kunionyesha.

Sitamsamehe.

Jumanne, 14 Juni

WIZI.

Gunia la Faru halipo! Lile gunia la kahawa alilolalia tangu aje, lenye umbo lake kabisa. Nimelitafuta hadi chini ya kitanda. Nimelikuta wapi? Kwenye kamba ya Petronila! Limechemshwa. Linatoa mvuke. Tena alipokuja kulichukua, nikiwa kisimani, amefagia kona yote ya Faru na kumwaga majivu kwenye nyufa.

Nimemwuliza kwa ukali wa hali ya juu. Akasema viroboto wa mbwa wangu wameanza kumuuma mwanawe Marseli, na yeye hangojei tarehe 25. Akasema atalichemsha kila baada ya siku tatu nikitaka nisitake. Nikitaka kumshtaki, balozi yuko nyumbani anakunywa uji.

Harufu yote imetoka. Mbwa atajuaje pale ni kwake? Nimemlilia Apolinari kwenye barua, kurasa mbili.

Wakati huo huo nimeanza mbinu yangu ya nne, ambayo ni ya bure na haihitaji jirani. Kukemea. Mbona Eliamani alikuwa ananyonya kidole, nikamkemea wiki mbili, akaacha? Kujikuna ni tabia. Kila Faru akiinua mguu nasema kwa sauti moja, bila hasira: "Faru! Teremsha!" Upole na msimamo. Nimefanya hivyo leo mara sitini na mbili.

Jumatatu, 20 Juni

Inafanya kazi! Leo nimekemea mara tisa tu. Mgongoni kumeota vinyoya laini kama vya kifaranga. Tumbo limerudi rangi yake. Nimepiga magoti sakafuni nikalia kidogo, Sara akiwa titini, Eliamani akanifuta kwa upindo wa kanga.

Barua ya Apolinari imeletwa na dereva wa hoteli. Anasema pole. Anauliza kama kweli niliingia kwenye josho, maana huko juu hotelini wapishi wote wanajua na wamenipa jina. Hakulitaja. Anasema nimshukuru Petronila.

Nimshukuru kwa lipi? Kwa kuninyima maziwa au kwa kuniibia gunia?

Jumamosi, 25 Juni

Uwanjani watu walijaa. Mbwa wa kila namna, kamba za katani, makelele. Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye koti refu. Nyuma yake askari na bunduki. Wametangulia mbwa wawili wenye upele mtupu. Wamepelekwa nyuma ya ghala. Nilimziba Eliamani masikio, lakini mikono yangu ni miwili tu, na masikio yangu mwenyewe yakabaki kusikia risasi.

Bonifasi akasoma jina langu daftarini: mbwa wa Aikande, mweupe, pia mweusi, mgonjwa.

Eliamani akamshika Faru shingoni. Akamwambia mkaguzi kwamba hataki tena ile pipi. Mkaguzi hakuelewa. Mimi nilielewa.

Mkaguzi akainama. Akapapasa mgongo. Akaangalia tumbo. Na Faru, wakati huo huo, mbele ya bunduki, akainua mguu wa nyuma.

Nikasema polepole: "Faru. Teremsha."

Akauteremsha.

Mkaguzi akauliza huyu mbwa analala wapi. Kabla sijajibu, Petronila akasema kutoka nyuma kwamba analala kwenye gunia safi kuliko shuka la balozi. Uwanja ukacheka. Mkaguzi naye akacheka. Akasema mzima, achomwe sindano. Martini akamchoma, akaninong'oneza kwamba anafurahi nimefuata maelekezo. Nikaitikia kwa kichwa tu. Sikutaka kumvunja moyo kijana.

Bonifasi alifuta neno "mgonjwa" huku nikimsimamia. Nikamwambia afute na "mweusi".

Jumatano, 29 Juni

Siku ya amani. Petronila amekuja mwenyewe, na kibuyu kizima cha maziwa. Amesema yaishe, Mama Elia, haya ni ya watoto. Amesema neno "watoto" mara mbili. Nimemshukuru sana. Ni mwanamke mwenye moyo, tatizo lake ni kujiona anajua.

Balozi naye amekuja, kwa mlango wa nyuma. Mbwa wake ameanza kujikuna, angependa kujua nilitumia dawa gani. Nimemweleza: kukemea, siku kumi na moja, bila kukata tamaa. Ameandika.

Mchana nimepita shamba la kahawa, nimempatia Faru gunia jipya. Jipya kwake, maana walinzi wamelilalia na mbwa wao tangu masika. Lina joto na harufu nzuri ya kiume. Lile alilochemsha Petronila nimedekia sakafu. Kisha nikammiminia bakuli la maziwa hadi ukingoni, la sherehe. Amelamba mpaka bakuli likatembea chumba kizima. Nikaongeza.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Amejikuna sikio. Amejikuna tumbo. Sasa anagonga mlango.

Siku nne tu sijamkemea, na adabu yote imemtoka! Kesho naanza upya, mara mia kwa siku.