Ombi la Kumweka Shemeji kwenye Orodha ya Vyakula Vilivyokatazwa

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Kisukari.

Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,

Poleni na kazi na foleni. Mimi ndiye seremala aliyewatengenezea lile benchi la kusubiria, linalolia mtu akikalia upande wa kushoto. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki mbili zilizopita nilikanyaga msumari karakanani. Sikusikia chochote. Niliona tu damu kwenye vumbi la mbao, nikafunga kitambaa, nikaendelea kupiga randa kama mwanamume. Jioni kipimo cha sukari kikasoma 17. Mama watoto akapekua sanduku langu la vifaa akitafuta biskuti, tena mbele ya mteja. Alikuta patasi. Mpaka leo hajaniomba radhi.

2. Nesi wenu wa zamu alinieleza kwamba mwili ukiumia, au mtu akiwa na mawazo, sukari hupanda yenyewe hata kama hujalamba kitu. Nilifurahi sana. Kumbe mimi si mlaji, ni mzalishaji! Sasa kwa nini nanyimwa sukari kwenye chai, na kiwanda ni changu?

3. Hapo nikafanya uchunguzi. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anakaa kwetu tangu mwezi uliopita. Anakalia kiti changu. Anabishana na redio. Ananifundisha kupiga misumari, yeye ambaye kazi yake ni kuuza miwani. Akiwa sebuleni, nasoma 15. Akienda kwa kinyozi, 11. Naomba aandikwe rasmi kwenye ile karatasi yenu ya ukutani, kati ya soda na jamu, kwa herufi kubwa. Yule mteja wa kabati anayebadili vipimo kila siku mwekeni kwenye vya kutumia kwa kiasi.

4. Kwa kuwa vidonge vyenu havimgusi shemeji, nimeviacha tangu Jumatatu. Dawa apewe mkosaji. Nashauri avimeze yeye, asubuhi na jioni, baada ya chakula, ambacho pia ni changu.

5. Nesi aache kunisomea namba kwa sauti mbele ya foleni. Inapanda tena kabla hajamaliza kuitaja.

Nisipojibiwa ndani ya siku saba, nitakuja kulichukua benchi langu.

Nisalimieni daktari, mfamasia, na yule mama wa mizani asiyecheka na mtu.

Wenu mtiifu, kwa sasa,
Seremala

N.B. Muuguzi, mimi ndiye shemeji. Nimeandika kila neno kama alivyolitamka, maana tangu juzi macho yake yana ukungu, hasomi hata namba za futi yake. Jana nilishinda nje kutwa nzima ili atulie, na mteja hakuja. Kipimo kilisoma 24. Kidonda cha ule msumari anasema hakimuumi, lakini kimeanza kunuka, na dada yangu analia jikoni akidhani sisikii. Ni mbishi, ila nampenda, na naogopa. Nimeita teksi, tunakuja sasa hivi. Yeye anadhani tunawaletea barua.